Muziki umemeza maneno, kilio kimechekesha: namna ya kupanga sauti ya filamu

Swali: "Nimetengeneza filamu fupi ya dakika 18 hapa Tanga. Sauti nilinasa kwa maiki iliyofungwa juu ya kamera, kisha nikaweka muziki wa kinanda na fidla chini ya sini karibu zote. Walioitazama kwenye simu wanasema maneno hayasikiki vizuri. Nilipoionyesha ukumbini, kwenye sini ambayo mama anapewa habari za kifo cha mwanawe, baadhi ya watu walicheka, ilhali mwigizaji alilia kwelikweli. Muziki wa sini hiyo nimeshaubadilisha mara tatu. Sauti na muziki vinamfanyia nini hasa mtazamaji, na nianzie wapi kurekebisha?"

Jibu: Ndugu msomaji, muziki wa nne usiutafute. Maneno kumezwa na muziki, na watu kucheka msibani, ni matatizo yenye chanzo kimoja. Muziki uliingia kwenye filamu yako kabla ya sauti nyingine, ukakuta nafasi zote ziko wazi, ukazikalia. Sasa unafanya kazi ya chumba, ya mtaa, ya huzuni, na juu ya hayo unaficha mwangwi wa maiki ya kamera. Muziki hauwezi kubeba yote hayo. Panga upya kwa mfuatano huu: maneno kwanza, kisha sauti za mahali, kisha sauti za vitendo, na muziki uje mwisho kabisa, pale tu ambapo hizo tatu zimeacha jambo halijasemwa.

Mtazamaji hatazami kwanza halafu akasikiliza. Macho na masikio hupeleka habari kwa pamoja, na ubongo huzifunga kuwa tukio moja. Mwaka 1976 wanasaikolojia Harry McGurk na John MacDonald walilionyesha hilo waziwazi: mtu akiona midomo inayotamka "ga" huku sauti aliyopandikiziwa inatamka "ba", mara nyingi husikia "da", silabi ambayo hakuna aliyeitamka. Kwenye filamu jambo hili hutokea kila dakika. Mlango wa mbao nyepesi ukiwekewa mlio wa komeo la chuma, mtazamaji huuona mzito. Hatasema "sauti nzuri", atasema "mlango ule ni mzito". Anachokipata masikioni hukihesabu kuwa amekiona. Kwa sababu hiyo hiyo, sauti mbaya humchafulia mwigizaji. Mama aliyelia kwelikweli, sauti yake ikifika kutoka umbali wa mita tatu ndani ya chumba chenye vigae, huonekana yuko mbali na kilio chake mwenyewe. Watu husema "hajui kuigiza", kumbe ni maiki.

Kwa hiyo tuanze na maneno, na hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu ndipo filamu nyingi za Kiswahili zinapopoteza watu.

Kila umbali kati ya mdomo na maiki unapoongezeka maradufu, sauti inayotoka moja kwa moja mdomoni hupungua kwa desibeli 6, lakini mwangwi wa chumba unabaki karibu pale pale. Kutoka sentimita 50 hadi mita 3 umepoteza kama desibeli 15 za mdomo, na chumba hakijapoteza kitu. Vyumba vyetu vina sakafu ya saruji au vigae, kuta tupu, juu bati au jipsamu. Vinarudisha sauti kama kisima. Mwangwi ukishaingia kwenye rekodi haung'oki wote. Unapandisha sauti ili maneno yasikike, mwangwi nao unapanda. Unaweka muziki ili kuuficha, na muziki unayaficha maneno. Ndipo ulipofika.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya sauti vilivyoandikwa kwa lugha nyingine havikwambii. Kiswahili hubeba habari nzito mwanzoni mwa kitenzi: nani, lini, na kama jambo limetokea au halikutokea. Mkazo wa sauti, kwa upande wake, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Maana yake ni kwamba sehemu yenye hukumu ya sentensi ndiyo inayotamkwa kwa wepesi. "Atakuja" na "hatakuja" zinatofautishwa na pumzi tu ya "h". "Nitamwambia" na "sitamwambia" zinatofautishwa na silabi moja isiyo na mkazo. Muziki ukipanda juu ya silabi hiyo, mtazamaji atasikia sentensi nzima na bado asijue kama mtu anakuja au haji. Atarudisha nyuma mara mbili, ya tatu atafunga simu.

Nguvu kubwa ya irabu iko chini ya hezi 1,000 (hezi ni idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde: chache ni sauti nzito, nyingi ni sauti nyembamba). Konsonanti kama s, sh, f, t, k na ch hukaa zaidi kati ya hezi 2,000 na 8,000, nazo ni dhaifu. Fidla, noti za juu za kinanda na matoazi hukaa hapo hapo, na sikio la binadamu lina wepesi mkubwa zaidi kati ya hezi 2,000 na 5,000. Ndiyo maana fidla inaweza kuua maneno hata ikiwa haionekani kuwa na sauti kubwa kwenye mita ya sauti.

Kwa filamu uliyo nayo mkononi, zima traki zote za muziki. Zima kabisa, usizipunguze. Pitia maneno, mstari kwa mstari. Kata kila kitu kilicho chini ya hezi 80 kwa sauti za wanaume na 100 kwa wanawake. Huko hakuna maneno, kuna feni, upepo na magari. Chumba kikiwa kinavuma, punguza desibeli 2 hadi 4 kati ya hezi 200 na 400. Programu ya kupunguza kelele itumie kwa mkono mwepesi. Ukiibana sana, sauti inakuwa kama ya mtu aliye chini ya maji, na hilo linaudhi kuliko kelele yenyewe. Kompresa, kifaa kinachobana sauti kubwa zisipae, iwe kati ya 2:1 na 3:1, isibane zaidi ya desibeli 4 hadi 6 pale mtu anapopaza sauti. Kisha sawazisha kwa mkono mpaka mtu aweze kufuata mazungumzo yote bila kuitafuta rimoti.

Kuna mistari ambayo haitatengenezeka. Hiyo irudiwe. Mwite mwigizaji, mwonyeshe picha vipande vya sekunde 3 hadi 5, asikilize rekodi ya mwanzo kwenye hedifoni, arudie mara nne au tano papo hapo. Hauhitaji studio ya gharama: kona ya chumba yenye kabati la nguo lililofunguliwa, mablanketi mawili mazito yametundikwa nyuma na ubavuni mwake, maiki sentimita 40 kutoka mdomoni. Kosa la kawaida hapa ni kumweka mtu amekaa kitini wakati kwenye picha alikuwa anatembea na ndoo. Mwili ukikaa, pumzi inakaa, na sauti haitamwingia yule wa kwenye picha. Msimamishe, mpe ndoo. Baadaye ongeza mwangwi kidogo unaofanana na ule wa chumba cha picha, maana sauti kavu kabisa itajitenga.

Rudi pia kwenye kila mahali ulipopigia picha, saa ile ile, ukanase ukimya wa mahali hapo kwa sekunde 60. Kila mtu anyamaze, maiki ikae ilipokuwa. Ukimya huo utaupaka chini ya mistari iliyorudiwa na kwenye mapengo ulipokata. Bila hiyo, kila unapokata sauti panasikika shimo, na sikio hulitambua shimo upesi kuliko jicho linavyotambua kosa la picha.

Kwa filamu ijayo, maiki itoke juu ya kamera. Iwe kwenye fimbo, juu ya kichwa cha msemaji, sentimita 40 hadi 60, imeelekea mdomoni na kifuani. Maiki ya kubana kwenye nguo iwe sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu. Angalia nguo: kanga mpya yenye wanga hukwaruza kuliko iliyofuliwa, na buibui la kitambaa chepesi husugua kila mtu anapopumua. Bana kitambaa kwa utepe pande zote mbili za maiki kisiweze kucheza. Nasa kwa kiwango cha 48 kHz na biti 24, maneno ya kawaida yakicheza karibu na -20 kwenye mita na kelele za juu zisivuke -6. Zima feni na friji, na ufunguo wa gari uuweke ndani ya friji hiyo. Hivyo hamtasahau kuiwasha tena, mkaondoka mkaacha samaki wa mwenye nyumba wakioza. Tandika mikeka na magodoro sakafuni nje ya picha. Bati likianza kupigwa na mvua, subirini. Hakuna programu itakayoitoa.

Sasa sauti za mahali. Hizi ndizo zinazomwambia mtazamaji yuko wapi na ni saa ngapi bila mtu kusema, na hizi ndizo ulizoziruka ukaweka kinanda. Nyumba ya Tanga ina bahari kwa mbali au haina, ina bodaboda inayopanda gia mtaani, radio ya jirani, kuku, watoto wanaotoka madrasa, mchi kwenye kinu uani. Tandika kwanza sauti moja ya chini isiyo na matukio, ndefu kwa dakika 2 au 3 angalau. Ukirudiarudia kipande cha sekunde 20, mbwa yule yule atabweka kila baada ya sekunde 20, na mtu wa tatu ukumbini atamgundua. Juu yake weka matukio machache: pikipiki, mlango, sauti ya mtu anayeita. Yaweke kwenye mapengo ya mazungumzo, kamwe yasiwe juu ya mwanzo wa sentensi.

Adhana ina tahadhari yake. Adhana ya alfajiri ya Sunni ina maneno ya kuwa swala ni bora kuliko usingizi, ambayo hayamo kwenye adhana nyingine nne. Ukichukua rekodi hiyo ukaibandika kwenye sini ya magharibi, nusu ya ukumbi wa Tanga watakuwa wametoka kwenye hadithi yako papo hapo.

Sauti za mahali pia ndizo gundi ya uhariri. Picha inakatika, lakini mtaa haukatiki. Sauti ya chini ipite moja kwa moja chini ya mikato yote ya sini moja. Unapohama kwenda sini nyingine, acha sauti ya mahali papya itangulie picha kwa fremu 10 hadi 20. Kwa fremu 25 kwa sekunde, hiyo ni chini ya sekunde moja, ila humvuta mtazamaji akafika mwenyewe badala ya kusukumwa.

Sauti za vitendo sitazirefusha. Nyayo, nguo, kikombe mezani, karatasi: ziigize upya huku ukitazama picha, kama wafanyavyo watu wa kazi hii tangu enzi za Jack Foley wa studio za Universal, ambaye jina lake ndilo lililobaki kuwa jina la fani yenyewe. Chagua zile zenye maana tu. Nyayo za mtu anayeleta habari mbaya zinahitajika. Nyayo za kila apitaye hazihitajiki.

Tuingie msibani.

Kwa maelezo yako, muziki uko chini ya sini karibu zote, kwa hiyo ulikuwepo kabla ya mjumbe kufungua mdomo. Mtazamaji ameamriwa ahuzunike kabla hajajua kuna nini. Kisha neno likatoka na fidla zikapanda. Kinanda cha polepole na fidla zinazopanda tumezisikia kwenye tamthilia nyingi mno kiasi kwamba hazisikiki tena kama huzuni. Zinasikika kama bango lililoandikwa "huzuni". Mtu anayedaiwa hisia ambayo bado hajapewa sababu yake hujitetea, na kucheka ni mojawapo ya njia za kujitetea. Hawakumcheka mwigizaji.

Ijenge sini hivi. Kabla ya mjumbe kuingia, pawe na sauti moja isiyokoma: jirani anatwanga, mchi unashuka kinuni, pigo moja kila sekunde moja na nusu au hivi. Ianze mapema, sekunde 40 au zaidi, mpaka mtazamaji asiisikie tena, kwa maana sikio huacha kuijali sauti isiyobadilika. Mjumbe aseme. Mapigo mawili zaidi yapite. Kisha mchi unyamaze. Hapo ukumbi mzima utainua kichwa, kwa sababu sauti iliyozoeleka ikikoma ghafla nayo huamsha, na kila mtu ataelewa kuwa jirani amesikia, kwamba habari imeshatoka nje ya ukuta. Picha haikuhitaji kuonyesha lolote.

Baada ya hapo, sekunde 10 hadi 15 bila muziki. Pumzi, kanga inayokazwa, kigoda kinachosogea. Wakati huu utakuogopesha kwenye chumba cha uhariri, utaona kama filamu imekufa. Iache. Kilio kianze ndani ya ukimya huo, kwa sauti ya mwigizaji peke yake, na kisha uje ujirani: kandambili zinazokimbia uani, lango, sauti za wanawake zikiingia. Sote tunajua kilio kwetu huita watu. Sauti hizo zina uzito ambao fidla haiwezi kuununua.

Muziki, kama utahitajika, uingie mama akishanyamaza. Ala moja, chini, ikichukua sekunde 4 hadi 6 kutoka kutosikika mpaka kusikika, isivunjike kwenye mkato, ivuke hadi sini ya maziko na kuishia huko. Hapo haumwambii tena mtazamaji ahuzunike. Unamwambia kwamba muda unapita na jambo hili litabaki.

Mpangilio wa namna hii una mfano maarufu kwenye The Godfather ya mwaka 1972. Kwenye mgahawa, kabla Michael, mhusika mkuu, hajafyatua risasi, hakuna muziki. Kuna mlio wa treni unaokaribia na kusaga vyuma, treni ambayo haionekani popote. Walter Murch, mtu wa sauti wa filamu hiyo, aliuweka pale mlio huo, nao unakua mpaka unakaribia kuyafunika mazungumzo. Tunasikia kichwa cha Michael kutoka ndani. Muziki unaingia baada ya bastola kuangushwa. Treni imefanya kazi ya hofu, muziki umefanya kazi ya matokeo.

Usidhani ninasema muziki ni adui. Mwongozaji Alfred Hitchcock alitaka sini ya mauaji bafuni ya Psycho, mwaka 1960, isiwe na muziki. Mtunzi wa muziki wake, Bernard Herrmann, akaandika fidla hata hivyo, Hitchcock akazisikia, akabadili mawazo, na leo hakuna anayeweza kuitenganisha sini ile na milio ile. Miaka mitatu baadaye watu hao hao wawili walifanya The Birds bila muziki wa kutungiwa filamu. Milio ya ndege iliyotengenezwa kwa chombo cha umeme ndiyo iliyoshika nafasi, Herrmann akiwa mshauri wa sauti. Kilichobadilika ni jibu la swali lile lile la kila sini: ni kitu gani hapa hakijasemwa bado?

Muziki una uwezo mmoja ambao sauti nyingine zinaukosa kwa kiasi kikubwa, nao ni kuweka ahadi. Kwenye Jaws ya mwaka 1975, filamu ya papa anayekula watu, noti mbili za mtunzi John Williams humaanisha papa yupo. Watoto wawili wanapowatania watu kwa pezi bandia, noti hizo hazisikiki. Muziki haukumdanganya mtazamaji, na kwa kuwa ameuamini, papa anapochomoza baadaye bila noti hizo, mshtuko unakuwa maradufu. Kwenye filamu yako, chagua noti nne hadi nane za mama na mwanawe. Zisikike mara ya kwanza wakiwa wote wawili wazima, ikiwezekana ndani ya hadithi yenyewe, mtoto akipiga mluzi au mama akiimba jikoni. Zisitumike kwa mtu mwingine yeyote. Zikirudi baada ya maziko, hutahitaji fidla hata moja.

Angalia pia kumbukumbu ambazo muziki unakuja nazo. Ganuni na udi vikilia, watu wa pwani wameshafika ukumbi wa taarabu, kwenye mapenzi na mafumbo. Dufu huleta maulidi. Kwaya huleta kanisa. Hakuna ubaya, mradi umekusudia. Wimbo wenye maneno ya Kiswahili chini ya mazungumzo ya Kiswahili ni kosa ambalo halina dawa ya mita: masikio hayawezi kufuata sentensi mbili za lugha moja kwa wakati mmoja. Wimbo wa namna hiyo upewe sehemu isiyo na mazungumzo, au utumie ala tupu. Ukitaka usikike ndani ya nyumba, ufanye utoke radioni: kata chini ya hezi 300 na juu ya hezi 4,000, uweke katikati, uongeze mwangwi mdogo wa chumba. Mtu akizima radio, wimbo nao ukatike. Kwa haki za wimbo, kumbuka ziko mbili, ya utunzi na ya rekodi. Kwa Tanzania anza na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, kwa Kenya na bodi ya hakimiliki, KECOBO, upate ruhusa ya maandishi kabla ya kuchanganya.

Sasa viwango. Maneno ndiyo kipimo, vingine vyote vinapimwa kwa hayo. Muziki ulio chini ya mazungumzo ukae desibeli 15 hadi 18 chini ya maneno. Kwenye ikwalaiza ya muziki, si ya maneno, punguza desibeli 3 hadi 4 kuzunguka hezi 2,000 hadi 4,000. Ni kama kuyafungulia maneno mlango. Palipo na ukimya wa sekunde 3 au zaidi, muziki unaweza kupanda desibeli 4 hadi 6. Ushuke kabla ya mtu kusema, ukiwa umetulia fremu 10 hadi 12 kabla ya silabi ya kwanza, kwa sababu ile ile ya "atakuja" na "hatakuja". Kifaa kinachoshusha muziki chenyewe mara nyingi husubiri kwanza sauti itokee ndipo kishushe, na silabi ya kwanza imeshazama. Fanya kwa mkono. Kwa filamu ya dakika 18 ni kazi ya siku moja.

Watazamaji wengi wa Afrika Mashariki wamelelewa na vibanda vya video, ambako sauti ya mfasiri hukaa mbele ya kila kitu na mlio wa filamu hushuka anaposema, kisha hupanda kwenye mapigano. Masikio hayo yamezoea kupewa neno safi. Hayatajikaza kulitafuta.

Simu nyingi hazitoi kitu cha maana chini ya hezi 200 au 300. Mvumo wa hofu wa hezi 40 unaousikia kwenye spika zako haupo kabisa kwa mtu wa simu. Uongezee mlio mwingine kati ya hezi 400 na 800 unaocheza pamoja nao. Sikiliza mchanganyiko wote kwa chaneli moja pia: sauti iliyotanuliwa sana kulia na kushoto inaweza kujifuta zikiunganishwa.

Toa nakala mbili. Ya televisheni kwa -23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani wa filamu nzima), kiwango cha EBU, umoja wa watangazaji wa Ulaya, kwa kituo kinachokifuata. Ya intaneti kati ya -16 na -14 LUFS, kilele kisizidi -1, kwa kuwa YouTube hushusha kilicho juu ya kama -14 lakini hakipandishi kilicho chini. Nakala ya televisheni ukiiweka huko itasikika hafifu.

Kwa ukumbi, spika ziinuliwe juu ya vichwa vya waliokaa, la sivyo safu za mbele zitakunywa konsonanti zote na nyuma watapata mvumo. Mahali pa wazi kama Ngome Kongwe ya Zanzibar, ambako tamasha la filamu la ZIFF limewahi kuonyesha filamu, hakuna kuta zote za kurudisha sauti, hivyo ukimya wako wa sekunde 15 utajazwa na mji. Sauti ya chini ya mahali iwe imepandishwa kidogo kwa nakala hiyo. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Aliyekaa mita 34 kutoka spika anaipata ikiwa imechelewa sehemu ya kumi ya sekunde. Vipimo vya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, vinaonyesha mtu hugundua sauti iliyotangulia picha kwa milisekunde 45 tu, lakini iliyochelewa haigundui mpaka ifike karibu 125. Kwa hiyo kamwe usiache sauti itangulie midomo hata kwa fremu mbili.

Ukimaliza maneno, mahali na vitendo, na muziki bado umezimwa, waite watu watatu wasioijua hadithi. Mmoja atazame kwenye simu, karibu na barabara. Mmoja kwenye televisheni. Mmoja asikilize tu, akiwa ameipa skrini mgongo. Kila mmoja aandike neno lolote alilolikosa na dakika yake. Rekebisha hayo kwanza. Kisha waulize ni wapi walijikuta peke yao, wakitaka kitu wasichokijua jina. Kwa filamu ya dakika 18 mahali hapo hapatazidi panne au patano. Hapo ndipo uingize zile noti za mama na mwanawe.